Habari za Gitaa la Umeme, na Jinsi Lilivyopata Kununulika

Leo nataka kueleza habari za chombo kimoja cha muziki ambacho karibu kila mtu amekisikia, lakini ni wachache waliojiuliza kimetoka wapi. Chombo hicho ni gitaa la umeme. Sitawafundisha kulipiga, maana kazi hiyo ina walimu wake. Nataka kueleza jinsi lilivyozaliwa, na jinsi bei yake ilivyoteremka hata kijana wa mshahara mdogo akaweza kulinunua kwa fedha zake mwenyewe. Tena nataka kuonyesha ya kuwa huko kununulika kwake kuna maana kubwa kuliko watu wengi wadhanivyo. Wazee wetu wamesema, Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo ndiyo nguzo ya maneno yangu yote.

Gitaa lenyewe ni la zamani. Sura yake tuijuayo leo ilikamilishwa huko Hispania katika karne ya 19, na fundi aliyesifika kuliko wote katika kazi hiyo ni Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka 1817 na kufa mwaka 1892. Gitaa la namna ile lina tumbo tupu na tundu kifuani. Uzi ukiguswa hutikisika. Mtikisiko hupita katika ubao mwembamba wa juu, na hewa iliyomo tumboni huikuza sauti, kama vile kibuyu kinavyoikuza sauti ya zeze. Sauti yake ni tamu, walakini ni ndogo. Chumbani yatosha, na barazani jioni yatosha. Lakini mweke mpiga gitaa kati ya tarumbeta na ngoma, utaona vidole vyake vikienda wala husikii kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya wapiga gitaa wa Marekani katika miaka ya 1920, wakati bendi za dansi zilipokuwa kubwa na kumbi zikajaa watu.

Dawa ya shida hiyo ilikuwa imekwisha gunduliwa zamani, ila hakuna aliyeiona kuwa ni dawa. Mwaka 1831, katika mji wa London, mtaalamu Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa mara nyingi, umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Sasa tazameni jinsi jambo hilo linavyohusu muziki. Chukua sumaku, uizungushie waya mwembamba wa shaba mara elfu nyingi, kisha uiweke chini ya nyuzi za chuma. Uzi ukitikisika, nguvu za sumaku nazo hutikiswa, na umeme mdogo huzaliwa katika waya, ukienda na kurudi kwa kadiri ile ile ya mtikisiko wa uzi. Umeme huo hupelekwa katika amplifaya, ambayo huutia nguvu; kisha hufika katika spika, nayo huugeuza kuwa sauti tena. Basi gitaa la umeme halihitaji tumbo. Sauti yake haitoki katika ubao, bali hutoka katika uzi, sumaku na waya. Naomba mlikumbuke neno hili, kwa sababu habari yote ya bei itategemea hilo.

Ilipita miaka 100 tangu ugunduzi wa Faraday ndipo gitaa la namna hii likafanyizwa. Mwaka 1931 huko California mpiga gitaa mmoja jina lake George Beauchamp alilitengeneza la kwanza la kujaribia, na mwaka 1932 yeye na mwenziwe Adolph Rickenbacker wakaanza kuliuza. Lilikuwa gitaa la kulazwa mapajani, kwa mtindo wa watu wa visiwa vya Hawaii, ambao muziki wao ulipendwa sana Marekani siku zile. Mwili wake ulikuwa mduara mdogo, na shingo yake ndefu. Lote lilikuwa la alumini, madini yale yale ya sufuria zetu. Watu walipoliona walicheka, wakaliita Kikaango. Lakini kikaango kile ndicho kilichofungua njia.

Walakini njia kufunguliwa si kwamba kila mtu ataipita. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la umeme liitwalo ES-150, lenye tumbo bado na kazi nzuri ya useremala. Gitaa pamoja na amplifaya yake bei yake ilikuwa kama dola 150. Hebu tufanye hesabu kidogo, kama tufanyavyo darasani. Mwaka 1938 serikali ya Marekani ilipoweka kwa mara ya kwanza kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima, kiwango kilikuwa senti 25 kwa saa. Mtu wa mshahara huo alipaswa kufanya kazi saa 600 ili azipate dola 150, yaani siku 75 za saa nane nane, tena bila kula, bila kuvaa, wala kulipa kodi ya nyumba. Twaona wazi kwamba chombo kile hakikuwa cha mtu maskini.

Na hapo ndipo penye uchungu, maana kipaji hakichagui nyumba. Mtu aliyeutangaza ustadi wa gitaa lile la Gibson kuliko wote alikuwa kijana mweusi, Charlie Christian, aliyezaliwa mwaka 1916 katika jimbo la Texas na kukulia mji wa Oklahoma City, katika jamaa ya maskini ambayo baba yao alikuwa mwanamuziki kipofu. Mwandishi Ralph Ellison, aliyesoma shule moja naye, ameeleza kwamba Charlie alipokuwa mtoto alikuwa akijitengenezea magitaa kwa visanduku vya sigara wakati wa somo la kazi za mikono. Mwaka 1939 aliingia katika bendi kubwa ya Benny Goodman, na wapiga gitaa wakajifunza kwake kwamba gitaa laweza kusimama mbele na kusema peke yake, kama tarumbeta. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1942, umri wake miaka 25. Yeye alibahatika kufikia chombo. Je, ni watoto wangapi wenye visanduku vya sigara ambao hawakukifikia kamwe? Hakuna awezaye kuwahesabu.

Sasa tuje kwa fundi ambaye hakujua kupiga gitaa hata kidogo. Leo Fender alizaliwa California mwaka 1909. Alisomea kazi ya uhasibu, kisha mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Wanamuziki walikuwa wakimletea amplifaya zilizoharibika, naye akiwasikiliza manung'uniko yao. Nao walikuwa wakilalamika kwamba gitaa lenye tumbo, likiongezwa nguvu sana, hulia mluzi, kwa kuwa sauti ya spika hulirudia tumbo na kulitikisa tena. Na kwamba shingo ikipinda, gitaa zima huharibika. Fender alifikiri kama fundi wa redio, si kama seremala wa Hispania. Kama sauti hutoka katika sumaku, tumbo la nini? Basi akachukua ubao mmoja mnene usio na uwazi, akaukata kwa mashine, na shingo akaifunga kwa skrubu nne. Shingo ikiharibika, unaifungua na kutia nyingine. Si yeye wa kwanza kuwaza gitaa lisilo na tumbo. Lakini yeye ndiye aliyelifanya liweze kutengenezwa kwa wingi kiwandani, na watu wakalinunua.

Gitaa lile lilitoka mwaka 1950, na jina lake litawafurahisha wasikilizaji, maana liliitwa Broadcaster, yaani Mtangazaji. Lakini kampuni nyingine ilikuwa na ngoma zenye jina lililofanana na hilo, basi mwaka 1951 likabadilishwa, likaitwa Telecaster. Mwaka 1954 akatoa la pili, Stratocaster, ambalo sura yake imeigwa duniani kote. Lakini hata Stratocaster ilipotoka iliuzwa kwa dola 249 na senti 50, ikiwa na kile chuma cha kuyumbishia sauti. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa senti 75 kwa saa wakati huo. Kwa hiyo gitaa peke yake lilikuwa kazi ya siku 40 na zaidi, na amplifaya bado.

Aliyeimaliza safari ile ni mtu ambaye jina lake halitajwi sana. Nathan Daniel alizaliwa New York mwaka 1912, mtoto wa wazazi waliohamia Marekani kutoka Lithuania. Yeye naye alikuwa fundi wa amplifaya, na kampuni yake, iliyokuwa katika jimbo la New Jersey, iliitwa Danelectro. Mwaka 1954 alianza kutengeneza magitaa. Alijiuliza swali lile lile la Fender, lakini akalifuata hata mwisho: Kama sauti haitoki katika ubao, kwa nini ninunue ubao wa bei kubwa? Basi akafanya fremu ya mbao za kawaida, akaifunika juu na chini kwa hadibodi, ile iliyofanyizwa kwa nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ambayo watu huitumia kwa dari na migongo ya makabati. Sumaku zake alizitia ndani ya vibomba vya chuma vinavyong'aa, vilivyokusudiwa kutiwa rangi ya midomo ya wanawake. Mtu akisikia habari hizi aweza kudhani ni mzaha. Lakini gitaa lile lilikuwa na sauti safi, nyororo, na wapigaji mashuhuri walilitumia katika kazi zao za kurekodi, ingawa walikuwa na uwezo wa kununua la bei mara nne.

Tena Daniel hakuyauza mengi ya magitaa yake katika maduka ya muziki. Aliyatengeneza kwa ajili ya kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago, ambayo tangu karne ya 19 ilikuwa ikiwapelekea wakulima kitabu kikubwa chenye picha na bei za bidhaa. Mkulima wa shamba la mbali aliagiza jembe, cherehani, viatu au saa kwa barua, na mzigo ukamfikia. Kwa kitabu hicho hicho, gitaa la umeme lenye jina la Silvertone likaingia vijijini, mahali ambapo duka la muziki halijapata kuonekana. Na mwaka 1962 likatoka lile lililopendwa kuliko yote: sanduku la kubebea gitaa lilikuwa na amplifaya na spika ndani yake. Mtoto alifungua sanduku, akatoa gitaa, akachomeka waya, akaanza kujifunza. Lile la sumaku moja, pamoja na sanduku lake, liliuzwa kwa dola 67 na senti 95. Kima cha chini cha mshahara mwaka ule kilikuwa dola 1 na senti 15. Wanafunzi wafanye hesabu wenyewe: ni saa 59 na kidogo, ambazo hazifiki siku nane za kazi. Kutoka siku 75 hata siku nane! Huko ndiko kununulika nilikokutaja mwanzo.

Matunda ya jambo hilo yalionekana upesi. Jimi Hendrix alizaliwa katika mji wa Seattle mwaka 1942. Jamaa yake walikuwa na dhiki, naye alipokuwa mtoto alikuwa akishika ufagio na kujifanya anapiga gitaa. Kisha akaokota katika takataka chombo kidogo cha aina ya gitaa chenye uzi mmoja tu, akaupiga huo mmoja. Mwaka 1959 baba yake alimnunulia gitaa la umeme la bei ndogo, liitwalo Supro. Lilipoibiwa, akapata Silvertone lililofanyizwa na Danelectro. Alikuwa mtumiaji wa mkono wa kushoto, na magitaa mengi yalitengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia. Basi alizoea kuligeuza gitaa na kuzipanga nyuzi upya. Alipokufa London mwaka 1970, umri wake miaka 27, alikuwa ameyabadili mawazo ya dunia juu ya gitaa la umeme. Siku zile alikuwa akipiga Stratocaster. Lakini vidole vyake havikuanza kufundishwa na Stratocaster.

Baada ya Marekani, kazi ya kuteremsha bei ilishikwa na Wajapani. Kampuni ya Teisco, iliyoanzishwa mwaka 1946, na nyingine kama hiyo, zilipeleka magitaa mengi ya bei ndogo ng'ambo katika miaka ya 1960, hasa baada ya mwaka 1964, wakati kundi la Beatles lilipowasisimua vijana wa Marekani na kila mmoja akataka gitaa. Mengi ya mwanzo yalikuwa hafifu, lakini Wajapani walijifunza haraka, hata Fender yenyewe mwaka 1982 ikafungua kampuni Japani na kuanza kutoa magitaa ya bei nafuu kwa jina la Squier. Baadaye kazi ikaenda Korea, Indonesia na China, na mashine zinazoongozwa na kompyuta zikakata mbao kwa vipimo visivyopotoka. Kwa hiyo gitaa rahisi la leo mara nyingi limekatwa vizuri kuliko lile la bei kubwa la zamani.

Nafikiri baadhi yenu mnasema moyoni, Hayo ni ya Wamarekani na Wajapani, sisi je? Nasi tunayo yetu. Visanduku vya sigara vya Charlie Christian ni ndugu wa makopo na madebe ya watoto wetu. Franco Luambo, aliyezaliwa Kongo mwaka 1938 na kuwa nguzo ya bendi ya OK Jazz tangu mwaka 1956, alianza na gitaa la kopo alilojitengenezea mwenyewe. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, aliwastaajabisha watu wa nchi nyingi kwa gitaa la mbao tu, lisilo na umeme. Na Wajaluo wa pande za Ziwa Viktoria walizihamishia nyuzi za nyatiti katika gitaa la umeme, wakapata muziki wa benga. Vidole havikupungua kwetu. Kilichopungua ni chombo.

Tazameni mambo yalivyokuwa katika bendi za dansi za Tanzania. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Nyingine zilikuwa za jeshi, za polisi, za vijana wa chama cha siasa, au za mashirika. Mpango huo ulikuwa na wema wake mkubwa, maana mwanamuziki alipata mshahara wa kila mwezi, na bila mpango huo muziki mwingi tunaoujivunia usingalizaliwa. Lakini magitaa na amplifaya vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji aliyehama alihama na vidole vyake tu. Alipotaka kujizoeza usiku nyumbani, chombo kilikuwa kimefungiwa ghalani. Na fedha za kigeni zilipoadimika, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, hata uzi mmoja uliokatika ulikuwa msiba. Wapiga solo waliojulikana nchi nzima kwa njia ya redio hawakuwa na gitaa la kuwaachia watoto wao.

Sasa mwaifahamu maana ya methali niliyoitaja. Gitaa zuri kuliko yote, likiwa katika ghala la mtu mwingine, ni fimbo iliyo mbali. Gitaa la hadibodi lililo juu ya kitanda chako ndilo litakalomwua nyoka. Ustadi huletwa na saa nyingi za kurudia rudia jambo moja, asubuhi kabla ya kwenda shambani na usiku baada ya kazi, wala saa hizo haziazimwi pamoja na chombo. Tena mwenye chombo chake huweza kuchagua: apige katika harusi, afundishe mdogo wake, au akatae mkataba wa dhuluma. Asiye na chombo hukubali lolote aambiwalo.

Walakini rahisi na hafifu si kitu kimoja, na anayenunua sharti afumbue macho. Tazama shingo kama imenyooka. Bonyeza kila uzi katika kila kituo, usikilize kama hakuna mkwaruzo. Nyuzi zisiwe juu mno, zisije zikakuumiza vidole na kukukatisha tamaa. Zirekebishe nyuzi, upige kidogo, kisha usikilize kama zimekaa mahali pake. Gitaa likiyatimiza hayo, rangi yake na jina lililoandikwa kichwani si kitu. Hata umeme si kizuizi kama zamani, maana siku hizi ziko amplifaya ndogo za betri, na umeme wa jua umefika katika nyumba nyingi za mashamba. Ukisha kulipata, lifute nyuzi kila umalizapo kupiga, hasa wewe unayekaa pwani, kwa kuwa jasho na hewa ya chumvi hula chuma upesi.

Fender na Daniel hawakupewa mbao za ajabu wala sumaku za pekee. Walijiuliza swali moja tu: Katika chombo hiki, ni kitu gani hasa kifanyacho kazi, na ni kitu gani ni pambo? Walipoliondoa pambo, kazi ilibaki, na bei ikateremka. Swali hilo laweza kuulizwa juu ya jembe, juu ya taa, juu ya nyumba na juu ya shule. Ninyi wanafunzi mkiwa mafundi, liulizeni kila siku. Maana huenda mtoto fulani kijijini sasa hivi anapiga kopo lenye waya, akingoja mtu wa kuliuliza swali hilo kwa ajili yake.